Mama Yako Aliuita Moto Chekundu

Masoko, alasiri, mvua inanyesha.

Mwanangu Subilaga,

Sisi tuliofundishwa kuandika barua na walimu wa zamani tuna mstari wetu wa kuanzia. Unasema mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Nimeuandika mstari huo kwenye karatasi ya kwanza, nikausoma, nikaichana karatasi. Hii ni ya pili. Nimeichomoa kwenye daftari lako la zamani la Baiolojia, usinigombeze, kurasa za nyuma zilikuwa tupu.

Umekwenda Kisiba kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Mambo ya safari sitayaandika. Begi umelifunga mwenyewe, tiketi unayo, na mtu aliyefanya kazi wodini miaka mitatu hahitaji kuambiwa na mzee wa kiwanda cha chai kwamba Makambako kuna baridi.

Nina jambo moja tu. Nimekudanganya mara mbili maishani, mambo makubwa namaanisha, siyo yule kuku wako niliyesema alichukuliwa na mwewe. Mara ya kwanza ulikuwa kidato cha pili, hapo nje kwenye migomba. Mara ya pili ni juzi, jikoni. Uliniuliza, "Tata, hiyo sauti mbona haiponi?" nikasema ni mafua ya mvua. Nataka yote mawili yatoke leo kabla hujapanda basi. Huko unakokwenda kazi yako ni kuwauliza watu wanavyoumia, na aliyekulea ni fundi wa kujibu uongo.

Naanza na ule wa zamani, maana huu wa juzi ni mtoto wake.

Jikoni siku hiyohiyo, ukimenya ndizi, ulinieleza kazi yako vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunieleza. Kwamba mionzi inayoua uvimbe haichagui sana, inamgonga na mgonjwa mwenyewe: anatapika, anaharisha, ngozi inababuka, nguvu zinamwisha. Kwamba mtawauliza kila wiki na kuandika namba, sifuri mpaka nne, ili ijulikane nani anaumia kiasi gani na lini, na wasaidiwe mapema. Nikafurahi kabisa. Kisha ukasema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, kwamba kwanza mtapitia mafaili ya zamani ya wanawake waliotibiwa saratani ya shingo ya kizazi hospitalini huko Dar, muone walioumia walikuwa wangapi. Nikageukia dirisha. Hukuona, ulikuwa umeinamia ndizi.

Faili la mama yako limo humo, Subi. Utalifungua, na litakuambia kwamba Sekela hakuumia. Utampa sifuri mama yako mzazi. Na aliyeliandika lile faili kwa mdomo wake ni mimi.

Sasa nikukumbushe kitu unachokijua, ili uone nilivyokitumia. Unakumbuka jinsi mama yako alivyokuwa anakutuma kwa jirani asubuhi? "Subi, kaniletee chekundu." Ukaenda na kigae ukaleta kaa la moto. Ulipoanza shule ukawa unamcheka, na siku moja ukarudi na nyanya kwa makusudi. Yeye naye akacheka, lakini hakulisema lile neno. Jina la babu yako, baba yangu, lilikaribiana na neno letu umoto, na mkamwana wa Kinyakyusa wa kweli hatamki jina la baba mkwe wake wala neno linalofanana nalo. Wengi siku hizi wameacha. Mama yako alilelewa na bibi yake, na bibi yule alimfundisha kwa fimbo. Kwa bahati mbaya Kiswahili nacho kinasema moto, kwa hiyo alilikwepa katika lugha zote mbili. Kwake moto ulikuwa chekundu, maji ya moto yalikuwa maji yaliyokasirika, na siku za homa alisema mwili umekasirika. Hata babu yako alipokufa hakubadili. Nilimwambia mzee hasikii tena. Akasema, "Mimi nasikia."

Jina lenyewe siliandiki hapa. Kwa heshima yake yeye, siyo ya mzee.

Tulikwenda Dar baada ya kungoja foleni ya mashine miezi mingi, hilo unalijua, wewe ulikuwa bweni. Tulilala kwa binamu yangu Tandika. Jumatatu mpaka Ijumaa tulikwenda hospitali, yeye anaingia nyuma ya mlango mzito peke yake, mimi nakaa kwenye benchi. Walimchorea mistari ya wino kiunoni na kumwambia asiisugue, basi akaogopa hata kuoga. Nikawa namfuta kwa kitambaa pembeni ya mistari kama mtu anayefuta meza yenye karatasi za watu.

Mimi moto naujua, au nilidhani naujua. Miaka yote ile kiwandani nilikuwa kwenye mashine ya kukaushia chai, na kazi yangu ilikuwa kunusa. Jani likianza kuungua halionyeshi kitu machoni, lakini pua inakuambia. Nikakaa pale kwenye benchi najisemea, mashine hii haina kelele, haina moshi, itakuwa na madhara gani? Nilimtania mama yako kwamba amelipata tanuru la kizungu.

Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili chakula kikaanza kumkataa. Wagonjwa walikuwa wakisema baina yao, leo tumechomwa, umeshachomwa wewe? Kijana mmoja aliyekuwa anawapanga foleni akasikia. Akasema kwa upole, "Mama zangu, hapa hatuchomi mtu. Hapa tunatibu." Alitaka wasiogope, simlaumu. Lakini mama yako alikuwa mtu wa kutii, akaliweka na neno hilo pembeni. Hebu hesabu maneno yaliyombakia.

Kulikuwa na mwanamke tuliyemwita Mama Songea, kwa sababu ndiko alikotoka. Alikuwa msemaji, akiumia jengo zima linajua. Wiki ya tatu aliwaeleza maumivu yake yote, wakamsimamisha. Walimwambia apumzike siku kadhaa mwili upate nguvu, kisha aendelee. Tulimwona akitoka na kikapu chake. Siku zile zikapita na hakurudi, na sikujua kwa nini, labda alirudi saa ambazo hatukuwepo, labda alitibiwa akapona na leo anauza maandazi. Mimi nilijipa jibu langu. Nikasema, ahaa, anayesema anaondolewa.

Siku mbili baadaye mama yako alinishika mkono, amekaa upande mmoja wa kitanda kama mtu aliyekalia miiba.

"Baba Subi, chekundu kimeingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Huko huko. Nikienda haja kinatoka nacho. Nikilala kinabaki. Waambie."

Nikasema nitawaambia.

Kila Jumatatu kulikuwa na muuguzi mwenye daftari, mama mmoja mchangamfu. "Mzee wa Tukuyu, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri, ndaga sana, ndiyo asante yetu, na alipenda nikisema ndaga, alicheka kila mara. "Anaharisha?" Nikasema kidogo tu, ni nazi zenu hizi, sisi kwetu tumezoea mbalaga ya ndizi na maziwa. Akacheka, akaandika. Mwanangu, nilikuwa mchekeshaji. Watu walifurahi tukifika. Juu ya kichwa changu, ukutani, walikuwa wamebandika karatasi yenye methali, mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikaa chini yake wiki tano bila kuona kwamba inanihusu.

Tulipotoka mama yako akauliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni kawaida. Uvumilie."

Sijui kama umeelewa nilichofanya hapo. Sikuwaficha madaktari tu. Nilimfanya aamini kwamba wanajua. Kuanzia siku ile kila alipougulia alijua kwamba watu waliosoma wameyasikia maumivu yake, wameyapima, wameona ni sawa tu. Hakuwa na mahali pengine pa kupeleka neno.

Ikaja Jumatatu ya wiki ya tano. Muuguzi alikuwa amenichoka kidogo, nadhani, au alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania. Akanigeuzia mgongo akamwambia mama yako, "Mama, leo sema mwenyewe. Unasikia nini?"

Mama yako akanitazama. Kisha akamtazama yule mama, akasema taratibu, "Chekundu."

"Nyekundu? Damu? Unatoka damu?"

Akamwingiza nyuma ya pazia, akaangalia kitambaa, hakukuta damu. Akatoka, akaandika kwamba hakuna damu. Bado hakuridhika. Akanigeukia, kalamu mkononi. "Mzee, anamaanisha nini?"

Subi, katika jengo lile lote, na madaktari wake, na mashine zake, na watu waliosoma Ulaya, mtu mmoja tu alikuwa anajua maana ya neno lile. Alikuwa amekaa kwenye benchi na kofia magotini. Akilini nikamwona Mama Songea na kikapu chake. Nikaona mlango mzito unafungwa na sisi tuko nje.

Nikasema, "Ni Kiswahili chetu cha milimani. Anamaanisha amechoka."

Akaandika amechoka. Mama yako alisikia, maana Kiswahili alikijua vizuri kabisa. Aliinama akafunga khanga yake vizuri, tukaondoka. Njia nzima hadi Tandika alikaa akitazama dirishani, na tangu siku hiyo hakuniomba tena niwaambie.

Tulimaliza. Walitupongeza, wakanipa karatasi, wakanieleza arudi baada ya wiki sita, na akishindwa kula, akiona damu, akipata homa, tuwahi hospitali iliyo karibu. Niliitikia yote. Sikujua jambo ambalo wewe unalijua, kwamba moto ule haukomi siku unapotoka. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote! Chai ikitoka mashineni na joto lake ukairundika bila kuipoza, inaendelea kujipika yenyewe kwenye rundo, na kesho yake hainyweki. Niliwafokea vijana wa zamu kwa kosa hilo zaidi ya mara moja. Wiki ya pili tukiwa nyumbani ndipo mama yako alipoungua kweli. Mapajani ngozi ilitoka kama ganda la ndizi iliyoiva. Hakuweza kulala juu ya shuka.

Ndipo akaomba majani ya mgomba, yale machanga ambayo hayajafunguka, kwa sababu ni baridi na hayashiki kidonda. Nilimtandikia kitanda kizima. Yakipata joto la mwili nayatoa, naweka mengine.

Wewe ulikuja likizo wiki hiyo. Ulikuta rundo la majani nyuma ya nyumba, ukasema, "Tata, majani yote haya ya nini?"

Nikasema ya kufunikia ndizi, kuna sherehe kanisani. Ukauliza sherehe gani, nikataja harusi. Ukaweka begi chini, ukachukua panga, ukaanza kunisaidia kukata. Ulikata mengi, ukayapanga vizuri mlangoni, ukiimba. Mama yako alikuwa ndani, anakusikia. Nilimwambia atakuja kukuona akiamka. Usiku uliponiuliza kwa nini mama anashinda amelala, nilisema dawa za Dar zinaleta usingizi. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwako. Ulitandika kitanda cha mama yako cha kidonda kwa mikono yako ukidhani unapamba harusi.

Wiki sita zilifika. Nikasema mvua imeharibu barabara. Nikasema ngozi imeanza kufunga, na kweli ilikuwa imeanza. Nikasema mengi. Ukweli ni kwamba niliogopa yule muuguzi atamvua khanga na kuniuliza tena, mzee, alimaanisha nini. Hatukurudi.

Mwaka uliofuata ikaja damu kweli, ya haja kubwa, na safari hii haikuwa neno. Tulificha kidogo, kisha tukaenda hospitali hapa wilayani. Daktari alikuwa kijana. Akaisoma ile karatasi ya Dar, akaniangalia, akaisoma tena, akanitafsiria kwa Kiswahili: mgonjwa alivumilia tiba vizuri, hakuwa na malalamiko. Akasema, "Sasa hii imetoka wapi, mzee, kama alivumilia vizuri?" Nililitambua neno langu. Vumilia. Nilimpa mama yako, nikawapa wao, na wao walilipiga muhuri wakanirudishia.

Kama angesema mapema, angepona? Sijui, na wewe usijaribu kunifariji kwa maneno ya kitabuni, ninakuona ukiyaandaa. Labda ugonjwa ulikuwa umeshavuka. Labda ile damu ni makovu ya mionzi ambayo yangeweza kutibiwa. Ninachokijua hakina labda. Kulikuwa na dawa za kupaka, kulikuwa na vidonge vya tumbo, kulikuwa na maji ya kutundika, vyote ndani ya jengo lile, hatua chache kutoka kwenye benchi langu, na mama yako aliungua bila hata kimoja.

Na kuna hili, kisha nitoke kwake. Siku za mwisho alinyamaza sana, lakini asubuhi moja alisema, "Wale watu wa Dar walijua, wakaniacha." Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimpa uji. Alikufa akiwa na kinyongo na watu wasio na kosa, na mimi alinishukuru. Ndaga, alisema, ndaga kwa kunihangaikia.

Mvua imepungua. Natazama njia, sijakuona bado.

Sikuambii haya ili uichukie mionzi. Uvimbe wa mama yako ulinywea, walituonyesha picha, hilo halikuwa uongo. Nakuambia kwa sababu ya namba zako. Wewe umejiandaa kwa ugonjwa, lakini sidhani umejiandaa kwa watu kama mimi. Akija mgonjwa na msemaji wake, mtoe nje msemaji, na akiwa mchekeshaji mtoe haraka zaidi. Yule muuguzi alikaribia sana. Alifanya kila kitu sawa, kisha mwishoni akaniuliza mimi. Angemuuliza mama yako, "Nyumbani kwako chekundu kinakaa wapi?" angemjibu kinakaa jikoni chini ya chungu, na mambo yote yangekuwa mengine. Watu wetu ukiwauliza hali wanasema salama kwanza, hata aliyeshikwa na simba. Salama ni adabu, haikujibu swali lako. Mwache aseme salama yake, nyamaza, halafu uliza tena.

Na ukilifikia lile faili, usiandike sifuri. Waambie wakubwa zako unamjua shahidi. Nitasimama mbele ya yeyote, nitasema. Kama itakuharibia jina kwamba baba yako ni mtu wa namna hii, iharibike.

Sasa uongo wa pili.

Umeacha fomu moja ya maswali mezani, ile uliyokuwa unajifunzia kwa kunisomea. Nimeivuta hapa. Ni ya wagonjwa wa mionzi na mimi sijapigwa mionzi yoyote, lakini maswali ni maswali, na nafasi zake tupu zinanitazama. Nitakujibu.

Sauti: imebadilika tangu kahawa ilipokuwa inaiva, na sasa tumekwisha kupanda mahindi. Kwaya sikuiacha ili kuwapisha vijana kama nilivyokuambia. Sauti ya chini haitoki. Nilijaribu peke yangu kwenye migomba nikasikia mlio wa bawaba.

Kumeza: uji unapita. Ugali haupiti. Ulinicheka kwamba siku hizi naponda ndizi kwenye chai kama kikongwe, nikacheka na wewe. Siyo uzee.

Maumivu: yapo, yanapanda mpaka sikioni upande wa kushoto. Namba nimeweka tatu. Nilianza na moja, nikaifuta, nikaweka mbili, nikaifuta. Karatasi imetoboka kidogo hapo, samahani.

Mengineyo, eleza: kuna uvimbe chini ya taya, haukimbii nikiubonyeza. Ile skafu ninayovaa siyo ya baridi.

Naogopa, Subi. Naogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Siogopi kufa kama ninavyoogopa ule mlango mzito, kwa sababu mimi najua kilichomo nyuma yake, na najua mara hii hatakuwepo mtu wa kunitandikia majani. Nimekaa miezi hii yote nikijiambia nisimharibie mtoto safari yake. Ni maneno mazuri, yana upendo ndani yake. Ndiyo maneno yaleyale niliyojiambia nikiwa kwenye benchi.

Nikuambie mpango ulivyokuwa. Nilikuwa niikunje barua hii, niitie chini kabisa ya begi lako, chini ya viatu, uikute Dar baada ya siku mbili tatu, wakati huwezi tena kugeuka. Nilishalifungua begi, nguo zako nimezivuruga kidogo upande wa kulia, utaona. Kisha mkono ukiwa ndani nikaona ninachofanya. Nikalifunga. Barua utaipokea mkononi leo, ukiingia, kabla hujavua viatu, na nitakaa hapo hapo wakati unaisoma.

Kesho utapanda basi. Hilo siombi, nalisema kama baba yako. Jumatatu mimi nakwenda Mbeya hospitali, shangazi yako atanisindikiza mpaka getini, lakini ndani nitaingia peke yangu. Wakinituma Dar nitakuja Dar, na wakiniweka kwenye foleni yenu, ukinikuta benchi na fomu mkononi, niulize kama unavyowauliza wengine. Usinisemee. Hata nikikutazama kwa macho ya kuomba, usinisemee.

Nakuona sasa. Umefika kwenye kona ya mgomba ulioanguka, umejifunika mfuko kichwani, na shangazi yako amekupa mkungu wa ndizi kama nilivyojua, kana kwamba Dar hawali. Unakanyaga matope taratibu. Ukifika mlangoni utaniamkia, na mimi nitasema salama, maana ulimi umezoea. Usiondoke. Niulize tena lile swali la jikoni.

Nitakujibu kwa neno la mama yako. Kooni kuna chekundu, mwanangu, na wewe unajua maana yake.

Tata